Usitue kila mwisho wa mstari

Swali lenu la wiki hii linauliza: mtu asiyewahi kupanda jukwaani ajiandae vipi kwa usaili wa kundi la kujitolea linaloandaa tamthilia ya zamani? Kwanza aisome tamthilia yote, kabla ya kukariri hata neno moja.

Chukua Julius Caesar ya Shakespeare. Anayeomba kuwa Caesar kwa sababu jina liko kwenye jalada hajui kwamba mwenye maneno mengi zaidi ni Brutus, mmoja wa wanaomuua, na kwamba Caesar huuawa mwanzoni mwa tendo (sehemu kuu) la tatu, kisha hurudi akiwa mzimu tu. Mwongozaji hulitambua hilo kwa swali moja.

Ukiambiwa uje na kipande cha kukariri, dakika moja hadi moja na nusu inatosha, yaani takriban mistari 15 hadi 20. Hotuba ya Antony, rafiki wa Caesar, mazishini iache, imeshasikika mno, na kila msikilizaji ana Antony wake kichwani. Tafuta mahali ambapo mhusika anamtaka mtu fulani afanye jambo fulani: amsamehe, aondoke, akubali. Ombi huigizika kirahisi kuliko huzuni.

Ushairi ndio unaowaangusha wengi. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili (chapa ya kwanza 1963), alifuata mistari isiyo na vina kama ya Shakespeare. Sikio lililolelewa na mashairi ya mizani 16, kina cha kati na kina cha mwisho, hutaka kutua kila mstari unapoisha. Ukitua hivyo, sentensi inakatika vipande na maana inapotea. Fuata alama za uakifishaji: vuta pumzi kwenye nukta, gusa tu kwenye mkato, na mstari usio na alama mwishoni uvuke moja kwa moja. Njia nzuri ya mazoezi ni kukiandika upya kipande chako kama nathari, bila kukata mistari, na kukisoma hivyo kwa siku mbili tatu. Kisha rudi kwenye mistari, utasikia mapigo yake bila kuyalazimisha.

Siku yenyewe, taja jina lako na la mhusika, nyamaza kidogo, anza. Macho yaelekeze juu kidogo ya kichwa cha mwongozaji. Ukimkazia macho unamlazimisha aigize nawe badala ya kukutazama. Ukisahau, tulia, rudi kwenye wazo la mwisho unalolikumbuka, endelea. Usiombe radhi.

Mara nyingi utapewa pia ukurasa usomeane na mwenzako papo hapo. Karatasi ikae usawa wa kifua, kidole gumba kando ya mstari wako, na maneno ya mwisho ya kila sentensi uyaseme ukimtazama mwenzako. Anaposoma yeye, msikilize! Wengi hukimbilia kutafuta mstari wao ujao, na hapo ndipo wanapozima. Mwongozaji akisema, "Rudia, safari hii bila hasira," si lazima uwe umekosea. Anataka kuona kama unabadilika ukielekezwa, basi badilika waziwazi.

Bado fomu, ambayo watu huijaza ovyo. Kazi ya kujitolea hufanyika jioni na mwishoni mwa wiki, mara nyingi kwa wiki sita hadi kumi, na wiki ya mwisho huwa karibu kila siku. Andika kila tarehe usiyoweza kufika: harusi, mitihani, zamu za kazini. Tarehe zikijulikana mapema, ratiba hupangwa kuzizunguka. Zikifichuka katikati ya mazoezi, onyesho zima husimama. Na panapoulizwa kama utakubali nafasi yoyote, andika ndiyo ikiwa tu uko tayari kuwa askari mwenye mistari miwili. Anayekubali kwa adabu halafu akajitoa wiki ya tatu huwaachia wenzake pengo baya kuliko ambaye angesema hapana tangu mwanzo.