Majina ya kisayansi: yakate vipande kwanza

Nilipokuwa nasomea kuongoza watalii, majina ya kisayansi yalinitoa jasho. Nakariri usiku, asubuhi yameyeyuka.

Aliyeniokoa ni bweha masikio. Jina lake ni Otocyon megalotis. Kwa Kigiriki, oto ni sikio, kyon ni mbwa, megalo ni kubwa, na otis ni sikio tena. Yaani mbwa-sikio mwenye sikio kubwa! Waliombandika jina hilo hawakutaka ubishi.

Tangu siku hiyo silibebi jina zima. Nalikata, kila kipande nakiandika kwenye daftari. Ushauri wangu: anza na viungo vya mwili, kwa sababu unaweza kumtazama mnyama ukahakikisha mwenyewe. Onyx ni kucha. Duma anaitwa Acinonyx, kucha zisizojongea, na ukiinama kutazama nyayo zake kwenye vumbi utaona alama za kucha mbele ya vidole. Nyayo za chui hazina, maana yeye akitembea huzificha.

Pous, au podo, ni mguu. Muhanga ni Orycteropus: mguu wa kuchimbia. Halafu kuna zile mbao za podo. Mti wenyewe ni Podocarpus, tunda lenye mguu, kwa kuwa mbegu yake hukaa juu ya kikonyo kinene. Fundi seremala anatamka Kigiriki kutwa nzima na randa mkononi, wala hana habari.

Kilatini nacho kimejichanganya humo. Mbwa mwitu, Lycaon pictus, jina la pili ni Kilatini: aliyepakwa rangi.

Ila usiende kichwakichwa kama mimi. Jina linakwambia mtoa jina aliona nini, halikwambii ukoo wa mnyama. Kule milima ya Udzungwa kuna sange mkubwa aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2008, Rhynchocyon udzungwensis. Nikalikata jina: rhynchos, pua ndefu, kyon, mbwa. Nikawatangazia wageni kwa kujiamini kwamba tunamtafuta mnyama wa jamii ya mbwa. Baada ya saa nzima ya kunong'ona, kikachomoka kwenye majani makavu kiumbe kisichofika hata kilo moja, miguu kama njiti, pua inachezacheza. Ukoo wake uko karibu zaidi na tembo kuliko mbwa. Kikapita, kikapotea.

Mgeni mmoja akaniuliza, "Na mbwa je, tutamwona saa ngapi?"