Kabla ya bei ya friji, uliza LUKU ni ya nani

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mwanafunzi anayeanza chuo anunuliwe friji ndogo ya chumbani, au hela hiyo ifanye mengine. Mimi ni mama mwenye nyumba huku Msewe, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wapangaji wangu karibu wote ni wanachuo. Nitajibu kwa upande ambao wazazi wengi hawaufikirii wakiwa Kariakoo wanauliza bei: upande wa mita.

Wanaokwenda hosteli za chuo niwamalize haraka. Wasome fomu ya kujiunga kabla ya kununua chochote, maana hosteli nyingi zina masharti juu ya vyombo vya umeme, na chumba cha watu wanne kikishawekwa mabegi hata pa kupitisha mguu panatafutwa.

Mtaani ndiko kwenye maneno. Nyumba nyingi za kupanga vyumba zina LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, umeme unachangwa. Mwenye taa, feni na chaji ya simu hawezi kuchanga sawa na mwenye friji halafu akanyamaza. Atavumilia mwezi wa kwanza, wa pili ataanza kusema na mlango.

Kwangu pembeni ya mita kuna daftari limening'inizwa kwenye msumari. Anayenunua umeme anaandika jina, tarehe na yuniti. Kuna binti wa Mbeya, ana adabu zake, aliingiza friji ya mlango mmoja, ile inayofika kiunoni. Haukupita muda nikakuta chini ya jina lake mwandiko wa mtu mwingine, kwa kalamu nyekundu: "Wenye friji wachange ya friji." Jioni akanifuata uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeliona daftari?"

"Nimeliona. Lakini mama, friji yenyewe ndogo hivi, kwani inakula umeme kiasi gani?"

Swali zuri, na ndani ya nyumba hakuna aliyekuwa na jibu. Kila mmoja alikuwa na hasira yake tu. Nikamwita fundi umeme, akafunga mita ndogo ya kusomea kwenye chumba chake, ikapimwa friji peke yake mwezi mzima. Ilikuja chini kidogo ya yuniti 20. Na hiyo ni kwa joto la Dar. Friji hiyohiyo ukiipeleka Njombe itapumzika zaidi.

Sasa hizo yuniti 20 ni shilingi ngapi? Hapa ndipo watu wanapobishana bila kujua kwamba kila mmoja anazungumzia bei yake. Nyumba inayotumia umeme mdogo, isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, huwa kwenye daraja la bei nafuu: ukiweka Sh 1,000 unapata yuniti nane na ushee. Inayozidi hapo huhamia daraja la kawaida, na Sh 1,000 ileile inakupa yuniti 2.8 tu. Nyumba yangu yenye vyumba vingi imo daraja la kawaida siku nyingi, kwa hiyo friji ya yule binti ilikuwa inakula kama Sh 7,000 kwa mwezi. Mwenzake aliyepanga chumba chenye LUKU yake mwenyewe, yuko daraja la chini, friji hiyohiyo itamtoka Sh 2,500 hivi, mradi asiongeze jiko la umeme na hita ya maji akavuka zile 75. Ndiyo maana kwangu mzazi anayetaka kujua "friji ipi nzuri" ameanzia mwisho. Aanze na LUKU ya huko mtoto anakopanga.

Sh 7,000 si hela ya kuogopesha, ila kwa mwenye mkopo wa bodi anayepewa Sh 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, lazima irudi kwa njia fulani. Kwa yule binti ilirudi kwenye maharage. Anachemsha sufuria zima Jumamosi, anagawa kwenye vikopo vya siagi vilivyokwisha, katikati ya wiki anaunga tu kwa kitunguu na nyanya. Gesi inayoungua saa mbili inaungua mara moja badala ya kila siku, na kwa mama ntilie anakwenda akipenda, si kwa njaa. Mwanachuo asiyepika, anayetaka maji ya baridi tu, hayo ya dukani hayatamfilisi. Mayai ya hapa kwetu yanakaa vizuri nje ya friji, nyanya na ndizi nazo hazihitaji friji. Na asidanganyike na kile kisanduku cha juu chenye barafu. Kwenye friji hizi ndogo si friza. Samaki wa Feri wa kuliwa kesho sawa, wa wiki ijayo hapana.

Yupo mmoja ambaye sina mjadala naye: mwenye kisukari anayechoma insulini. Chupa ambazo hajazifungua zinatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na ziwe mbali na ule ukuta wa barafu, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena. Huyo hata kwenye daftari langu hakuna wa kumwandikia neno.

Mkiamua kununua ya mtumba, na wengi ndiko tunakoishia, ombeni iwashwe hapohapo dukani. Baada ya nusu saa mabomba ya nyuma yawe na joto na ndani kuwe kumeanza kupoa. Chungulieni kwenye kisanduku cha barafu kama kuna kiraka cha gundi ya chuma: hiyo ni alama ya kisu. Vijana wanakosa subira ya kuzima friji iyeyuke, wanachokonoa barafu kwa kisu, inasikika "psss", gesi yote imekwenda. Kuziba na kujaza upya ni hela, na mara nyingi inavuja tena.

Kingine ni friji gadi, kile kifaa cha kuilinda friji umeme ukiyumba, na msiione ghali. Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha umeme mwanzoni mwa 2024, ule mgao wa ratiba tumepumua, ila umeme wa kukatika ghafla na kurudi kwa kishindo bado upo, na kinachoungua hapo ni mashine yenyewe. Ichomekwe kwenye soketi ya ukutani. Nimeshaingia chumba ekstensheni moja ikiwa imebeba friji, pasi na hita, waya umelainika kama tambi. Siku hiyo nilizima kwanza, salamu baadaye.

Na mkiisafirisha kwa bajaji ikiwa imelazwa, isimamishwe wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Mtoto atakuwa na haraka ya soda ya baridi. Mwambieni asubiri hadi kesho asubuhi.