Mdogo wangu na dumu la maji

SWALI: Shikamoo mama. Mdogo wangu wa kiume anaugua skizofrenia, ugonjwa wa akili, tangu yuko kidato cha pili, sasa ni mtu mzima. Dawa anameza. Tatizo ni maji: dumu la lita tano linaisha kabla ya adhuhuri, nikilificha anainamia ndoo ya kuoshea vyombo. Jioni anatapika na kuongea ovyo. Juzi alianguka akatetemeka mwili mzima. Kipimo cha malaria kilikuwa safi, majirani wanasema ni mashetani ya ziwani. Kweli maji yanaweza kumdhuru mtu? – Dada mtu, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Yanaweza, hata kuua. Figo za mtu mzima hutoa takriban lita moja tu kwa saa. Akizidisha, maji yanabaki mwilini, sodiamu (chumvi) ya damu inazimuliwa na ubongo unavimba. Hapo ndipo kutapika, kuchanganyikiwa na kuanguka. Mashetani waache huko ziwani.

Mpeleke hospitali ya Maweni leo hii, usingoje kliniki yake. Omba wapime sodiamu (kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita) na sukari, maana kisukari nacho huleta kiu, na baadhi ya dawa za akili hupandisha sukari. Beba dawa zake zote na pakiti zake: zipo zinazokausha mdomo, na karbamazepini inaweza kushusha sodiamu. Lakini usimwachishe hata moja kwa uamuzi wako. Wala usimkorogee maji ya chumvi. Sodiamu ikipandishwa haraka mno inaumiza ubongo, hiyo ni kazi ya hospitali.

Akirudi nyumbani, usimfungie maji wala kumgombeza. Kiu hiyo ni sehemu ya ugonjwa, si kiburi, na ukifunga jikoni atakunywa ya chooni. Mpe kikombe kidogo kwa saa mlizokubaliana, na mdomo ukikauka, kipande cha barafu. Tafuta mzani: mpime asubuhi kabla ya chai, kisha alasiri. Mwenye kilo 60 akiongeza kilo tatu siku hiyo hiyo, hayo ni maji, si ugali, mrudishe hospitali. Hali ikiendelea, muulize daktari kuhusu klozapini, dawa ya skizofrenia. Imewasaidia baadhi ya wagonjwa wa namna hii, ila inataka damu ipimwe mara kwa mara.

Sigara je, anavuta? Nikotini huzifanya figo zibanie mkojo. Mwambie daktari na hilo.