Kwa nini Byzantium ilinusurika na Uajemi ikamezwa

Mkuu, umeuliza kwa nini Waarabu waliimaliza Uajemi lakini Byzantium, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, ikabaki, wakati zote mbili zilikuwa hoi baada ya kupigana zenyewe kwa zenyewe. Jiografia kwanza: Ctesiphon, mji mkuu wa Uajemi, ilikuwa bondeni Iraki, ikatekwa mapema. Konstantinopoli, mji mkuu wa Byzantium, ilikuwa na bahari pande tatu na ukuta mnene upande wa nchi kavu.

Ila wengi husahau kwamba dola yenyewe ya Byzantium ilijibadilisha. Baada ya kipigo kutoka kwa Waarabu kwenye vita vya Yarmuk mwaka 636, Shamu ikaenda, kisha Misri, na kodi na ngano yake. Hela ya kulipa jeshi kubwa haikuwepo tena. Majeshi yaliyorudi nyuma yakatawanywa Anatolia (Asia Ndogo, Uturuki ya leo), kila moja na eneo lake la kulilisha. Maeneo hayo yakaja kuwa mikoa, na majina yakabaki yaleyale ya jeshi: Thrakesion, kwa mfano, ilikuwa Asia Ndogo lakini ilibeba jina la Thrakia ya Ulaya! Miji nayo ikanywea, watu wakapanda vilimani. Ankara mpaka leo ukuta wa ngome una mawe ya marumaru yaliyong'olewa kwenye majengo ya Kirumi.

Moto wa Kigiriki, silaha ya moto ya Byzantium, uliunguza meli za Waarabu kweli, tena inasemekana fundi wake Kallinikos alikuwa mkimbizi kutoka Shamu. Lakini mimi naona unasifiwa kupita kiasi. Mwaka 717–718 njaa, baridi kali na Wabulgari waliwaumiza vilevile Waarabu walioizingira Konstantinopoli.