Baiskeli ya Safari ya Zamani: Nitajuaje Thamani Yake?

SWALI: Ndugu Mhariri, mzee mmoja mstaafu, jirani yangu hapa Uyole, anauza baiskeli ya safari aina ya Raleigh aliyoachiwa na mwalimu mmoja Mwingereza miaka ya themanini. Ina gia mbele na nyuma, siti ya ngozi ya Brooks na kibandiko cha Reynolds 531. Anataka shilingi 450,000, akisema kwamba kitu cha zamani hupanda bei. Mimi nataka kwenda nayo Tukuyu na kurudi. Je, bei hiyo ni ya haki, na nitaombaje apunguze bila kumvunjia heshima?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, umri peke yake hauipandishi baiskeli bei. Unacholipia hasa ni fremu iliyo nzima. Mengine yote ni hesabu ya kutoa gharama za matengenezo. Kibandiko hicho ni dalili njema, kwani 531 ni aloi ya chuma (chuma kilichochanganywa na metali nyingine) ya kampuni ya Reynolds iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1935 na kutumika kwa miongo mingi katika baiskeli nyepesi za safari, lakini vipo vibandiko vinavyohusu mabomba matatu makuu tu na si fremu nzima. Chomoa bomba la siti usome namba iliyogongwa juu yake: 27.2, yaani kipenyo kwa milimita, mara nyingi huashiria mabomba ya daraja la juu. Likigoma kutoka hata baada ya kutiwa mafuta, limeshikana na fremu kwa kutu, na kazi ya kulitoa huweza kumshinda fundi mzuri.

Kisha inama mbele ya baiskeli. Pitisha kidole chini ya mabomba mawili yanayokutana karibu na usukani. Ukigusa mkunjo, au ukiona rangi imepasuka kwa mistari inayolikatiza bomba, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu, na hapo mazungumzo ya bei yaishe. Kama pako salama, funga uzi penye ekseli ya nyuma, uzungushe mbele kwenye bomba la fremu lililo chini ya usukani na uurudishe upande wa pili, halafu pima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la fremu lililobeba siti, kulia na kushoto. Tofauti ikizidi milimita tatu, fremu imepinda. Kutu ya juujuu isikutishe. Ya kuogopa ni ile iliyochimba vishimo, hasa chini ya krenki, ambako maji ya mvua hutuama.

Jambo linalowaponza wengi huku kwetu ni tairi. Madukani zimejaa tairi za inchi 28 kwa 1½, ambazo hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635, ilhali baiskeli nyingi za safari za Uingereza za enzi hizo hutumia inchi 27, yaani milimita 630. Muuzaji atakuambia itaingia, na kweli itaingia bila hata spana, kisha itachomoka ukishaijaza upepo. Soma ubavu wa tairi, na kama ni 27, ujue utainunua wapi kabla hujatoa fedha. Beba pia sumaku: ikinasa kwenye rimu, rimu hizo ni za chuma, na breki zake hudhoofika sana zikilowa, jambo zito kwa mtu anayeteremka Tukuyu wakati wa masika.

Cheni, nyaya na raba za breki ni vitu vya kubadilisha tu. Siti ya Brooks isiyopasuka penye ribiti ina bei yake yenyewe, kwa hiyo usimwombe mzee aipuuze.

Kwa maoni yangu, fremu ikiwa imenyooka, bomba la siti likitoka na rimu zikiwa za aluminiamu, bei hiyo si ya kulalamikia. Vinginevyo, nenda na fundi, orodhesheni gharama, kisha umwambie, "Shikamoo mzee, naomba tuitazame hesabu hii pamoja," bila kuikashifu baiskeli aliyoitunza miaka yote hiyo. Mkikubaliana, andikianeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na namba iliyogongwa kwenye fremu iingie katika karatasi hiyo.