Mtengenezaji wa Programu Ameurudisha Ukurasa Wetu

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara hapa Busia, Uganda. Tumeamua kuachana na madaftari, na tumempata kijana wa Kampala atakayetutengenezea programu ya kompyuta. Alituomba tumwandikie mahitaji yetu. Kamati iliandika ukurasa mmoja ikisema kwamba tunataka programu ya kisasa, rahisi na ya haraka, naye ameurudisha. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu Katibu, kijana huyo amewatendea haki kwa kuurudisha ukurasa huo mapema, kwa sababu maneno kama "ya kisasa" na "rahisi" kila mtu huyaelewa kivyake, na siku ya kukabidhiwa kazi hakuna atakayeweza kuthibitisha kama yametimizwa. Hitaji lililoandikwa vizuri ni lile ambalo mweka hazina wenu na mtengenezaji, wakiketi mbele ya kompyuta moja, watakubaliana bila mabishano kama limetimia au la. Badala ya "ya haraka", andikeni kwamba mweka hazina akiingiza namba ya mwanachama, salio lionekane ndani ya sekunde 3.

Mahitaji hayo hamtayapata yote katika kikao cha kamati. Ketini kando ya mweka hazina siku ya kupokea akiba, mwangalie anavyofanya kazi hasa. Kwa kuwa mko mpakani, yamkini mtamwona mwanachama akileta shilingi za Kenya, naye mweka hazina akizigeuza kuwa za Uganda kwa kiwango cha siku hiyo, kisha akaandika jumla tu ya shilingi za Uganda. Je, kiwango hicho huidhinishwa na nani? Na mwanachama akija kulalamika baada ya miezi kadhaa, kiasi alichokileta mwanzoni kitaonekana wapi? Jambo la namna hii halitajwi kikaoni kwa sababu limezoeleka mno, lakini lisipoandikwa, programu itajengwa kwa sarafu moja, na kuifumua baadaye ni gharama kubwa. Angalieni pia fedha zinazoingia kwa simu kupitia MTN au Airtel, kwani mama anaweza kutuma akiba yake kwa laini ya mwanawe, na jina litakalofika si la mwanachama.

Jihadharini msiandike suluhisho mahali pa hitaji. Mjumbe akisema anataka programu ya kwenye simu, mwulizeni itamsaidia nini; ikiwa anachotaka ni kujua salio bila kuacha kibanda chake, ujumbe mfupi unatosha, nao humfikia hata mwenye simu ndogo ya vitufe.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 nayo inawahusu. Haiwaruhusu kukusanya taarifa za watu kupita kiasi kinachohitajika, kwa hiyo mkitaka kuhifadhi nakala za vitambulisho vya taifa, andikeni sababu na nani ataruhusiwa kuziona.

Kila hitaji lipewe namba na jina la aliyeliomba, na ya lazima yatengwe na yale yanayoweza kusubiri. Kabla ya kutia sahihi, usomeni waraka wote kwa sauti mbele ya mweka hazina na wanachama wachache wasio wa kamati, kwa lugha wanayoielewa vizuri, na kila watakapowakatiza kusema "hapa hatufanyi hivyo", simameni mpaandike upya.