Bastola kiunoni na wizi mbele ya macho: uchomoe au usichomoe?

Ndugu yangu, umeuliza hivi: leseni yako imetoka juzi, jioni unajaza mafuta Barabara ya Thika, mara vijana wawili wenye silaha wanamvamia dereva wa gari lililo mbele yako. Ufanyeje? Mimi nimebeba bastola kwa miaka mingi kwa sababu ya duka la vipuri Kirinyaga Road, nilianza enzi zile mauzo yote ya siku yanatembea nawe mfukoni. Nitakujibu vile ninavyojijibu mwenyewe. Usichomoe, isipokuwa mtu yuko karibu kuuawa na wewe unajua pasipo shaka anayeua ni nani. Hilo la pili watu hulipita mbio, na hapa Nairobi ndilo gumu.

Jioni moja nafunga duka, naona wanaume watatu wamemlaza kijana kifudifudi kando ya mkokoteni. Mmoja amemkanyaga mgongoni, mwingine ana bastola mkononi. Kijana anapiga mayowe: "Nisaidieni, naibiwa, wananiua!" Mkono wangu ulikuwa tayari chini ya koti. Nyuma yao kulikuwa na mama anachoma mahindi na watoto wa shule wamemzunguka, kwa hiyo nikangoja nione. Mara yule aliyemkanyaga akatoa pingu, na dakika chache baadaye likafika gari la polisi. Walikuwa askari waliovaa kiraia. Ningefyatua, ningekuwa nimemuua afisa kazini mwake, na sidhani wenzake wangenipa nafasi ya kueleza.

Na usiniambie basi tutazame pingu. Majambazi nao huja na pingu na redio za mawasiliano wakijiita makachero. Kanjo, yaani askari wa kaunti, nao wanamburuta mchuuzi hadi kwenye pikapu bila sare, na mgeni akiona atadhani ni utekaji. Tangu maandamano ya Juni 2024 tumeona pia watu wakibebwa na wanaume waliofunika nyuso, magari yasiyoeleweka ni ya nani. Wewe uliyefika sekunde kumi zilizopita utajuaje aliye chini ni mwathiriwa au mshukiwa?

Sasa geuza upande wa pili. Anayekuja baada yako naye hakujui. Anaona mtu amesimama na bastola, basi. Anaweza kuwa askari wa doria, mlinzi wa benki, au mwenye leseni mwingine kama wewe mwenye moyo mzuri.

Najua mtaniletea Westgate, lile shambulio la magaidi kwenye jengo la maduka hapa Nairobi. Kweli, tarehe 21 Septemba 2013 Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, aliingia na bastola yake kumtafuta ndugu yake, na pamoja na raia wengine wachache wenye leseni na askari waliovaa kiraia wakawatoa watu wengi. Namheshimu sana. Lakini tazameni hali yenyewe: wauaji walikuwa wanapiga risasi kila mtu, kwa hiyo kungoja hakukuwa na faida yoyote. Watu 67 waliuawa pale. Hata hivyo, wanajeshi walipoingia, iliripotiwa kwamba kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za upande wa serikali. Hao ni watu waliofunzwa, wote wana redio. Mimi na wewe mafunzo yetu ni kutoboa karatasi za shabaha Jumamosi asubuhi, tumevaa viziba masikio, karatasi haikimbii na wala haikurudishii risasi.

Halafu kuna umati, ambao mimi sijaukuta katika vitabu vya wageni kuhusu silaha. Karibu na Odeon, pale kwenye matatu katikati ya jiji, niliona vijana wawili wamempiga mzee ngeta. Mmoja amembana shingo kwa nyuma, mwenzake anapekua mifuko. Ngeta inaweza kuua, lakini sikuona silaha, na nilijua sauti inatosha. Nikapiga kelele "Mwizi!" na makanga wakamiminika. Mmoja akatoroka. Wa pili akashikwa, yakaanza mateke, kisha mawe, kisha nikasikia mtu anaulizia tairi. Sasa anayekaribia kuuawa ni mwizi, na wauaji ni watu thelathini niliowaita mimi. Kanuni yangu niliyokupa hapo juu haikuwa na jibu. Bastola mbele ya umati wenye hasira ni kuwapa tu mtu wa pili wa kuchoma. Kilichomwokoa yule kijana ni mzee mwenyewe aliyeibiwa: aliinuka akisugua shingo, akasimama katikati akasema, "Simu yangu nimepata, mwacheni." Mwenye duka la viatu akamvuta kijana ndani, akashusha geti, polisi wakaja kumchukua.

Sheria sitaikalia sana. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinarudisha suala la kujitetea na kumtetea mwingine kwenye kanuni za kale za mahakama za Uingereza, na kiini chake ni kwamba nguvu unayotumia ilingane na hatari iliyopo wakati huo. Wizi wa kimabavu una adhabu ya kifo katika vitabu, lakini anayetoa adhabu ni mahakama. Mwizi akishageuka kukimbia na mkoba, hatari imeondoka naye. Mpige mgongoni na wewe ndiye mshukiwa. Hata ukiwa na haki, silaha itachukuliwa kama kizibiti ikapimwe, utaandika taarifa usiku kucha, na kesi itakula miaka. Mwenzangu mmoja yalimpata hayo. Alishinda, ila duka lilikuwa limekwisha.

Turudi kwenye kituo chako cha mafuta. Nyuma ya hao vijana kuna pampu, wahudumu, na gari la pili lenye familia. Wanataka gari na simu. Mwache dereva awape. Wewe kaa ndani, teremka chini ya usawa wa dirisha, piga 999 au 112, na shika kichwani viatu vyao, nambari ya pikipiki, njia waliyokimbilia. Viatu hasa, maana jaketi huvuliwa njiani. Wakianza kumpiga dereva risasi, au wakija mlangoni kwako, hapo ni jambo lingine na hutakuwa na muda wa kukumbuka maneno yangu. Ukilazimika kufyatua, ukimaliza rudisha silaha kiunoni kabla polisi hawajafika, mikono wazi, na useme wewe mwenyewe kwamba una leseni.

Jambo moja hukuuliza. Je, mke wako anajua afanye nini ukichomoa? Wangu anajua: anawashika watoto, anakimbia upande ambao mimi sipo, wala haniiti jina wala hanishiki mkono. Tuliyazungumza mezani kabla sijaanza kuibeba tukiwa pamoja.